Namba 64: jamaa wa hesabu kwenye mstari wa mbele

Mwaka wangu wa kwanza kwenye hili ghala hapa Pennsylvania sikumwambia mtu yeyote kwamba nyumbani Morogoro nilikuwa mwalimu wa hesabu. Sio kwamba naona aibu, ila ukisema tu watu wanaanza kukuangalia kwa huruma, na huruma wakati umebeba boksi la kilo ishirini haikusaidii kitu. Aliyenishtukia ni ndugu yangu mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu, tunapanga naye mizigo kwenye mapaleti, siku moja akaona nimepiga kwa kichwa boksi ngapi zitaingia kwenye trela kabla hata mashine haijasema, tangu siku hiyo naitwa Mwalimu. Ghala zima. Mpaka Wamarekani wananiita Mwalimu na wanaamini kabisa ndio jina langu la kwenye pasipoti.

Sasa kuna mzee mmoja Mmarekani pale, ameshavuka sitini, anaendesha foklifti, goti lake moja ni la kubandikwa hospitali, asubuhi za baridi unamsikia anagugumia kabla hujamuona. Ujanani alicheza futiboli ya kwao kwenye chuo kidogo, nafasi ya mbele kabisa kule wanakogongana. (Wanaiita futiboli japo mguu unagusa mpira mara chache kweli kweli, hilo nimeshaacha kubishana nao.) Alipojua maana ya Mwalimu akacheka sana, akaniambia nina mtu wako. Kesho yake wakati wa breki akaniwekea simu mbele ya kontena langu la wali, kuna picha ya jitu limevaa jezi ya bluu namba 64, shingo hakuna, na pembeni picha ya jitu hilohilo limesimama mbele ya ubao umejaa hesabu ambazo mimi mwenyewe nilielewa mistari miwili ya kwanza basi.

Huyo ndio John Urschel. Nikajua mzee ananitania. Nikaenda kusoma, nikasoma tena, ni wiki tatu sasa nasoma habari za huyu mtu, mke wangu ameshachoka kumsikia, kwa hiyo leo mtasikia nyie.

Ila kwanza niwaeleze hiyo nafasi, maana najua wengi mkiutazama huu mchezo mnaona watu wamevaa magodoro wanagongana, filimbi, wanasimama, matangazo ya bia, wanagongana tena. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Timu inayoshambulia inaweka watu 11. Watano kati yao wanajipanga mstari mbele ya wenzao, pua kwa pua na wapinzani. Katikati yupo senta, huyu ndio anautoa mpira kuupitisha katikati ya miguu yake kumpa kwotabeki aliye nyuma. Kulia na kushoto kwake wapo magadi wawili. Halafu wapo wawili wa pembeni, ambao jina lao la Kiingereza ukiliandika kwa matamshi yetu linatoka neno ambalo mama yangu akilikuta hapa atanipigia simu usiku huu huu, kwa hiyo wabaki kuwa wale wa pembeni. Urschel alikuwa gadi, upande wa kulia.

Kazi ya hao watano ni moja tu, kuzuia. Kama kwotabeki anataka kurusha wao wanajenga ukuta apate zile sekunde mbili, tatu, za kuangalia nani yuko wazi. Kama mpira anapewa mkimbiaji basi wao wanafungua njia, wanamsukuma mtu mzima mwenye kilo zake mia na kitu huku na huku mpaka patokee upenyo wa kupita mtu mmoja ameinama. Wenyewe hawafungi. Kwa kawaida hata pasi hawaruhusiwi kupokea. Mtu anaweza kumaliza miaka yake yote ya chuo, mechi arobaini, hamsini, na ukimtoa senta mkono wake haujagusa mpira ule hata mara moja.

Na hapa ndipo mimi kama mtu wa namba niliposhangaa. Huu mchezo una takwimu kuliko benki. Kwotabeki ana yadi zake, mkimbiaji ana yadi zake, mdakaji naye, mpaka mpiga teke anahesabiwa kila kitu. Gadi anahesabiwa nini? Makosa. Akimng'ang'ania mtu jezi refa anarusha kitambaa cha njano, timu inarudi yadi 10, na namba yake inatajwa kwenye spika uwanja mzima usikie. Akitikisika kabla mpira haujatoka ni yadi 5, na anatajwa tena. Mtu akimpita akaenda kumlaza kwotabeki chini, kamera inarudia mara tatu kutuonyesha alipopitwa. Akifanya kazi yake sawasawa mara sitini mfululizo, hakuna aliyemuona.

Yani ni saidia fundi. Nyumba ikiisha watu wanasema fundi fulani ana mkono mzuri, hakuna anayeuliza zege lilipandishwa ghorofani na nani, ila ndoo ikimponyoka tu, mtaa mzima unamjua jina.

Nilimwambia mzee hiyo habari ya saidia fundi, akaipenda, afu akasema hujaelewa bado, simama. Tukaenda pale kwenye korido ya mapaleti matupu. Akaniambia panua miguu sawa na mabega, kunja magoti, mkono mmoja chini vidole viguse sakafu, makalio chini zaidi, kichwa juu. Nikakaa. Akasema sasa kaa hivyo hivyo usitikisike hata nyusi mpaka niseme. Yeye akasimama mbele yangu, na goti lake lile la bandia, anazunguka zunguka, anapeleka bega huku, anarudi, anajifanya anakuja, anarudi, maana yule wa ulinzi anaruhusiwa kucheza cheza na wewe huruhusiwi. Mapaja yanaanza kuwaka moto. Jasho. Nikamsikia ananiambia taratibu, hapo uwanjani wapo watu laki moja wanapiga kelele, umeambiwa mpira utatoka kwenye neno la pili, na huyu aliye mbele yako usiku mzima amekaa anatazama video za mechi zako anajua mguu wako gani ni mzito, haya, nenda. Nikaenda. Sijui hata alichofanya, alinipiga viganja viwili hapa kifuani chini ya titi, nikajikuta nimekaa juu ya paleti kama mgeni aliyekaribishwa kiti. Mkongo alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwalimu amekufa!"

Mzee akanipa mkono akaniinua, akasema kosa lako uliinuka. Anayeinuka amekwisha. Wa chini ndio anashinda, kila mara. Nikamwambia hiyo ni fizikia, akasema najua, sisi tulikuwa tunaijua bila cheti.

Haya turudi kwa Urschel. Kazaliwa Winnipeg kule Kanada mwaka 1991, kakulia Buffalo, New York. Baba daktari wa upasuaji, mama alikuwa nesi akaja kuwa mwanasheria. Mama huyo ndio alimlea na mafumbo na vitabu vya mazoezi, na inasimuliwa kwamba wakienda dukani alikuwa anamwambia ukipiga hesabu ya chenji ukapatia, chenji ni yako. Wale wazazi mnaonitumia meseji kuuliza mtoto atapendaje hesabu, mmeona hapo? Bei yake ni chenji tu. Mama alitaka mwanae aende MIT, kile chuo kikubwa cha sayansi na hesabu kule upande wa Boston. Mtoto akataka futiboli, akachukua nafasi ya chuo cha Penn State mwaka 2009, pale mji wa State College, kama saa moja na nusu kwa gari kutoka ninapoandikia hapa. Hakuwa nyota, wapo watoto wanaogombewa na vyuo ishirini, yeye hakuwa kwenye kundi hilo, na mwaka wa kwanza alikaa nje kabisa anafanya mazoezi tu bila kucheza mechi, huwa wanafanya hivyo na hao wa mbele ili wapate muda wa kula na kunyanyua vyuma mpaka mwili ujae. Kufika mwisho alikuwa na urefu kama mita 1.9 na kilo 140 hivi. Kilo 140! Gunia la mahindi na nusu, na linakimbia.

Na hapohapo anasoma hesabu. Shahada ya kwanza kamaliza 2012, ndani ya miaka mitatu. Ya pili kamaliza 2013. Zote kwa wastani wa 4.0 ambao hapa ndio mwisho wa reli. Mwaka huo wa 2013 akawa anaingia darasani kufundisha wanafunzi wenzake trigonometria, hebu fikiria we ni mwaka wa kwanza umechelewa kipindi, unafungua mlango unakutana na mwalimu aliyeziba ubao mzima, na Jumamosi unamuona kwenye TV anamburuza mtu. Na akashiriki kuandika karatasi ya utafiti kuhusu njia za asteroidi zinavyovurugwa kati ya Jua na sayari ya Jupita. Mimi mwaka niliokuwa nafanya mazoezi ya kufundisha, ratiba ya shule mbili tu ilinilaza na homa.

Ila kipindi chake pale hakikuwa cha raha hata kidogo. Novemba 2011 kocha msaidizi wa zamani wa timu hiyo, Jerry Sandusky, alikamatwa kwa kuwadhalilisha watoto kijinsia, baadaye akakutwa na hatia ya makosa 45. Kocha mkuu Joe Paterno, aliyekaa pale miaka na miaka mpaka ana sanamu, akafukuzwa. Julai 2012 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kikaipiga timu adhabu: faini ya dola milioni 60, miaka 4 hakuna kucheza zile mechi za heshima za mwisho wa msimu, nafasi za ufadhili zikapunguzwa, na mchezaji yeyote anayetaka kuhama ahame na acheze papo hapo huko aendako. Adhabu zingine zilikuja kulegezwa baadaye lakini wakati ule hakuna aliyejua hilo. Wapo walioondoka, mkimbiaji wao tegemeo Silas Redd alienda zake chuo cha USC kule California. Sitawalaumu, kijana wa miaka ishirini anaadhibiwa kwa uchafu wa wazee, anaambiwa mlango uko wazi, aende tu. Urschel alibaki. Na wengi wa mbele walibaki.

Kocha mpya Bill O'Brien msimu ule wa 2012 alianza kwa kufungwa mechi mbili za mwanzo, watu wakasema mmeona, afu wakamaliza msimu wameshinda 8, wamefungwa 4. Timu ambayo haina kombe la kuwania. Urschel msimu huo na uliofuata aliwekwa kwenye kikosi bora cha ligi yao ya Big Ten.

Kuna mechi moja nimeitazama mpaka macho yameuma, ya Oktoba 12, 2013, Penn State na Michigan, uwanja wao wa Beaver Stadium, watu zaidi ya laki moja na elfu saba. Chini ya dakika moja kabla ya mwisho Penn State wako nyuma 34 kwa 27. Kwotabeki mtoto wa mwaka wa kwanza, Christian Hackenberg, anarusha mpira mrefu, na Allen Robinson anaruka juu ya beki anaudakia angani, anaanguka nao yadi moja tu kutoka mstarini. Ukitafuta mechi hiyo mtandaoni kila video ni huo mdako. Na ni mdako kweli, siubezi, nimepiga kelele peke yangu jikoni mtoto akaamka.

Lakini bado yadi moja. Hatua moja ya mtu mzima. Na kila mtu uwanjani anajua kinachokuja, Michigan wanajua, muuza karanga anajua: kwotabeki atajibana nyuma ya senta na magadi na watasukuma. Wakasukuma. Akaingia. 34 kwa 34, sekunde 27 zimebaki.

Wakaenda muda wa nyongeza, mara moja, mara ya pili, ya tatu, ya nne. Kwenye ya nne Michigan wamepata pointi 3 za teke, wako mbele 40 kwa 37. Penn State wanafika mahali imebaki yadi moja wapate haki ya kuendelea, na ni jaribio la mwisho. Kocha angeweza kupiga teke asawazishe waende ya tano. Akakataa. Yadi moja tena, jamani, na hao watano wameshagongana kwa zaidi ya saa tatu na nusu, mikono imekufa ganzi, wanaambiwa haya, mara moja zaidi. Bill Belton akapewa mpira, akapita. Muda kidogo baadaye huyohuyo Belton akaingia kutoka yadi 2, mechi imekwisha 43 kwa 40.

Gazeti likaandika Robinson, Hackenberg, Belton. Sawa, na ndivyo ilivyo, hata mimi ningeandika hivyo hivyo.

Desemba ile Urschel akapewa tuzo ya William V. Campbell, ambayo watu hapa wanaiita Heisman ya wasomi (Heisman yenyewe ni ya mchezaji bora wa vyuo), inaenda kwa mchezaji anayeunganisha masomo, uongozi na uwanja. Mei 2014 akaingia kwenye drafti, sio ile yetu ya vizibo vya soda, hii ya timu za NFL, ligi kuu ya kulipwa, kuchagua wachezaji kutoka vyuoni, Baltimore Ravens wakamchukua raundi ya 5, mtu wa 175. Kwa wasiojua, kufika hapo tu ni muujiza, wachezaji wa futiboli ya chuo wanaoingia NFL hawafiki hata wawili kati ya mia. Na enzi zake wachezaji wa chuo walikuwa hawaruhusiwi kulipwa, hii ruksa ya kuuza jina lako na kufanya matangazo imekuja Julai 2021. Kwa hiyo hao wengine tisini na nane wanaondoka na cheti, kama walikipata, na magoti. Mzee wangu ni mmoja wao.

Pesa za NFL zilipoanza kuingia jamaa akaendelea kuishi kwa chini ya dola elfu 25 kwa mwaka, anaendesha Nissan Versa ya mtumba aliyoinunua akiwa chuo. Hiyo sehemu nilimsomea mke wangu kwa sauti. Akauliza yeye ana ndugu wangapi nyumbani wanaosubiri Western Union? Tukaishia hapo.

Sasa hesabu zake. Nivumilieni aya moja tu, hii nitaifupisha. 2015, akiwa mchezaji wa Ravens, yeye na wenzake walichapisha kazi kuhusu kukokotoa kitu kinaitwa vekta ya Fiedler. Chukua grupu la WhatsApp la ukoo, watu mia tatu, weka mstari kati ya kila wawili wanaoongea. Unataka uligawe makundi mawili yanayokaribiana ukubwa, na ukate mistari michache kadri inavyowezekana, upande wa mama huku, upande wa baba kule, bila ugomvi mkubwa. Vekta ya Fiedler inampa kila mtu namba, wenye hasi wanaenda huku, wenye chanya kule, na mara nyingi mgawo unatoka mzuri ajabu. Tabu ni kwamba mtandao ukiwa na mamilioni ya watu kompyuta inahema. Njia yao wanaukunja mtandao, majirani wanafanywa mtu mmoja, unakunja tena na tena mpaka unabaki kadogo, unatafuta jibu huko chini ambako ni rahisi, halafu unarudi juu unalinyoosha hatua kwa hatua. Ni nzuri mno. Niliichora kwenye ubavu wa boksi nikamwonyesha Mkongo, akaniambia, "Mwalimu, hii ni ile kazi ya kupanga mizigo tu." Na hajakosea sana!

Januari 2016 akaanza shahada ya udaktari MIT, palepale mama alipotaka tangu mwanzo, huku bado anacheza. Msimu ukiisha anaenda Boston, msimu ukianza anarudi Baltimore.

Lakini Agosti 2015, kabla ya hapo, mazoezini, aligongwa kichwa akapata mtikisiko wa ubongo. Amesimulia mwenyewe kwamba baada ya wiki kadhaa alikuwa fiti kurudi uwanjani, ila ule uwezo wa kuona hesabu ngumu kichwani ulichelewa kurudi. Hiyo sentensi ilinikaa. Daktari wa timu anakupima, unajibu maswali, unasimama mguu mmoja, ruksa cheza. Na ndani yako kuna chumba kimoja taa haijawaka, na we peke yako ndio unajua kwa sababu we peke yako ndio huwa unaingia humo. Wangapi kwenye ile mistari ya mbele hawana kipimo kama hicho, hawana hesabu ngumu ya kujipimia, wanajisikia tu wako sawa?

Tarehe 25 Julai 2017 ukatoka utafiti kwenye jarida la kitabibu la JAMA. Watafiti walichunguza bongo za marehemu waliocheza futiboli. Wa NFL walikuwa 111, na 110 walikutwa na CTE, ule ugonjwa wa ubongo kuoza taratibu unaohusishwa na kugongwa gongwa kichwa. Waliocheza mpaka chuo tu walikuwa 53, waliokutwa nao 48.

Hapa mwalimu ndani yangu aliinua mkono haraka. Hizo bongo hazikuokotwa kwa bahati nasibu, zilitolewa na familia, na familia nyingi zilitoa kwa sababu ziliona mzee wao amebadilika, anasahau, anafoka, analia. Ni kama kwenda wodini kuhesabu nani ana malaria afu useme ndio hali ya mkoa mzima. Watafiti wenyewe walilisema hilo wazi. Kwa hiyo huwezi kusema asilimia 99 ya wachezaji wana ugonjwa. Unachoweza kusema ni kwamba 110 ni watu wengi sana.

Na Urschel hiyo hesabu anaijua kuliko mimi na wewe. Siku mbili baadaye, tarehe 27, akapiga simu kwa kocha, amestaafu. Miaka 26. Mechi 40 za NFL, 13 ameanza, ilikuwa ndio kwanza kambi inafunguliwa na alikuwa anatajwa kwenye kugombea namba ya senta. Alisema haukuwa uamuzi mwepesi, mchumba wake alikuwa mjamzito wa mtoto wao wa kwanza, na alitaka kusoma muda wote. Huo utafiti ulihusika kwa kiasi gani anajua yeye.

Kelele zilizofuata ndio zimenifanya niandike hii. Upande mmoja wakasema ameogopa, amewaacha wenzake. Upande wa pili, hawa ndio wananikera zaidi, wakasema afadhali, kipaji kama kile alikuwa anakipotezea nini kule kwa wapiga vichwa, bora angeenda MIT tangu mwanzo. Kana kwamba wale wengine wanne kwenye mstari hawakuwa na vichwa vya kupoteza. Kana kwamba ukiwa hujui vekta ya Fiedler basi ubongo wako ni wa kugongea tu.

Na kingine, jamaa alikuwa anaupenda ule mchezo. Machi 2015 aliandika mwenyewe akieleza kwa nini bado anacheza wakati ana njia nyingine ya kula, na jibu lake kwa ufupi ni kwamba anapenda kugongana na watu, kuna raha pale ambayo haipati kwingine. Hesabu haikumtuma kule na umaskini haukumtuma. Nilimuuliza mzee, we ungeacha? Akakaa kimya muda mrefu, akazima foklifti kabisa, jambo ambalo huwa halifanyi wakati wa kazi. Akasema angeacha goti. Futiboli asingeiacha. Nikamwambia hiyo haiwezekani, vinakuja pamoja, akasema najua Mwalimu, ndio maana we uliuliza swali jepesi.

Urschel amepata udaktari wake 2021, na tangu 2023 ni profesa msaidizi wa hesabu palepale MIT. Anafundisha. Basi, hiyo sehemu haina tamthilia.

Juzi usiku breki ya saa nane nilimwonyesha Mkongo ile mechi ya Michigan kwenye simu, tumekaa juu ya ndoo, chai ya maziwa kwenye chupa ya mke wangu. Mdako wa Robinson ukampagawisha kama ulivyonipagawisha mimi. Nikamwambia subiri, hiyo sio yenyewe, angalia hii inayofuata, ile yadi moja, mtafute 64. Mpira ukatoka, watu wakaanguka, refa akanyoosha mikono juu. "Iko wapi?" Nikarudisha nyuma. Tukatazama tena. Lundo la watu, helmeti nyeupe, soli za viatu. Nikarudisha tena nikasimamisha, nikakuza picha kwa vidole mpaka ikawa vumbi tupu. Mkongo akainamia simu na miwani yake, anagusa gusa kioo, huyu hapa? Hapana huyo ni wa Michigan. Huyu? Kengele ikalia hatujampata, nikafunga chupa tukarudi kwenye mapaleti.